Futi ya Kupimia Hofu

Mgeni hakubisha hodi. Aliingia dukani kinyumenyume, uso wake ukiwaelekea wapita njia, mkono mmoja umekumbatia mkoba na mwingine uko nyuma kusitiri kilichohitaji kusitiriwa. Akaipita meza ya wateja, akakigonga kiti cha kungojea, akalisukuma pazia kwa mgongo, na akajikuta amesimama mahali ambapo kwa miaka sita hakuna mteja aliyewahi kukanyaga. Kwa hiyo Sindano, aliyekuwa ameketi kwenye cherehani yake, aliiona suruali iliyochanika kabla hajamwona mwenye suruali.

Jina la Sindano alipewa na shangazi yake, mwenye duka. Si kwa wembamba tu. Shangazi alisema sindano ikizama kwenye kitambaa huioni, unaona kazi yake tu, na mtoto wa kaka yake alikuwa hivyo hivyo. Shangazi ndiye aliyekaa mbele, akicheka na wateja, akiwapima, akibishana nao juu ya viuno walivyonavyo na viuno walivyotamani. Sindano alikaa nyuma ya pazia, na kupitia kitundu alichokitoboa mwenyewe aliwapima upya kwa jicho. Shangazi akiita themanini na nane, na Sindano akiona tisini na mbili, alikata tisini na mbili, na nguo ikamkaa mwenyewe kama amezaliwa nayo. Watu walimsifu Shangazi. Sindano hakuona ubaya.

Ubaya ulikuwa kwamba hakuweza kuzungumza na watu. Mtu asiyemzoea akimkabili, koo lilijikaza, viganja vikalowa, na kichwani sauti ikaanza kumweleza jinsi atakavyokosea, atakavyotetemeka, atakavyochekwa, na jinsi habari itakavyofika sokoni kabla yake. Kinga yake ilikuwa pini. Kutwa nzima alibana pini nne midomoni, kama mafundi wengi wafanyavyo, ila yeye alizibana hata akipiga pasi. Nani atamuuliza swali mtu mwenye pini mdomoni?

Siku hiyo Shangazi alikuwa ametoka kwenda duka la dawa. Mgeni akageuka, masikio yamemwiva. Alikuwa kijana wa rika la Sindano, tai imefungwa vizuri kupita kiasi.

"Dada, samahani," akasema. "Nimechanika."

Akaeleza kwa pumzi moja kwamba leo ndiyo siku yake ya kwanza kazini, pale kituo cha afya cha kona, kwamba aliinama tu kufunga kamba ya kiatu, na kwamba amebakiza nusu saa. Sindano akainuka. Akamtupia kitambaa cha meza kilichokuwa kimeletwa kukunjwa pindo, chenye maua makubwa ya njano, akageukia ukuta. Kijana akajifunga, akaitoa suruali, akaketi juu ya gunia la vipande kama bibi harusi aliyesahauliwa.

Mwenye wasiwasi huongea, na huyu aliongea mpaka cherehani ikashindwa. Aliuliza duka ni la nani, Sindano akaonyesha pini. Aliuliza kama mshono utashika, Sindano akaonyesha pini. Mwishowe akainamisha kichwa pembeni akauliza, kwa upole kabisa, kama zile pini ni za suruali yake au ni za kumzuia yeye asiulize kitu.

Nusura Sindano azimeze zote nne.

Kijana hakucheka. Alisema yeye ni mshauri, amemaliza chuo juzi tu, cheti bado kinanuka wino, na kazi aliyoajiriwa kuifanya ni kuwatibu watu wanaoogopa watu. Akaonyesha vidole vyake vinavyotikisika juu ya maua ya njano na kusema hata daktari wa meno huumwa jino. Kisha akavaa, akashukuru mara tano, akasema chumba chake ni mlango wa tatu kulia, akatoka.

Shangazi alimkuta pale pale kwenye pazia: mwanamume asiyemjua, anatokea kwa Sindano, anafunga zipu. Ilibidi Sindano ateme pini na kueleza. "Alichanika," ndilo neno pekee lililotoka, na kwa wiki nzima Shangazi alilirudia kwa sauti ya mtu anayeonja mchuzi asiouamini.

Huenda mambo yangeishia hapo, kama si magoti ya Shangazi. Yalikuwa yamechoka kusimama. Akatangaza mbele ya ndugu wote kwamba mwisho wa mwezi ujao anahamia kwa mwanawe, na duka lazima lipate mtu wa mbele. Binamu wa Sindano, kijana wa maneno mengi na kazi chache, akajitolea papo hapo: yeye angeweka rafu za vioo na kuuza vifuniko vya simu, na cherehani ingehamishiwa barazani. Shangazi akamtazama Sindano, Sindano akatazama sakafu. Basi Shangazi, aliyependa haki kama alivyopenda maneno, akatoa sharti. Wiki ya mwisho Sindano atakaa mbele peke yake, Jumatatu hadi Jumamosi. Ikipita wiki bila mteja hata mmoja kutoka na hasira, funguo ni zake. Akitoka hata mmoja amekasirika, funguo ni za Binamu. Na neno alilolitoa mbele ya ndugu, akasema, halitarudi nyuma.

Sindano alilipenda duka lile kuliko alivyopenda chakula. Kesho yake akaenda kituo cha afya. Akalizunguka jengo mara moja, mara ya pili akahesabu madirisha, mara ya tatu akaamua kurudi nyumbani. Aliposikia nyayo akageuka: Mshauri alikuwa hatua kumi nyuma yake, mikono mfukoni, anazunguka pia.

"Wagonjwa wangu wote huishia kuzunguka," akasema. "Wiki ya pili hii sijapata hata mmoja aliyeingia. Nikaona nihamishie ofisi huku nje."

Wakazunguka pamoja mara nyingine mbili, na mara ya tatu Sindano akachoka, akaingia.

Tiba yenyewe ilikuwa na jina refu, tiba ya fikra na mwenendo, lakini Mshauri aliieleza kwa kifupi. Alimwambia kichwani mwake amekaa mtabiri wa hali ya hewa anayetabiri mafuriko kila asubuhi, naye hajawahi kumkagua kwa sababu kila asubuhi hujifungia ndani. Kazi yao ni kumkagua. Wangechukua daftari na kugawa ukurasa mara mbili: upande huu aliyotabiri, upande ule yaliyotokea. Kila jambo lingepewa kipimo cha hofu, sifuri mpaka mia.

Sindano akavua futi shingoni, akaikunjua mezani, akaweka kidole kwenye mia na arobaini na sita.

Mshauri akamkumbusha kwamba mwisho ni mia. Sindano akamwonyesha kwamba futi yake inaishia mia na hamsini. Mshauri akafikiri, akachukua kalamu, akaifuta mia kwenye fomu ya kituo.

Kisha wakaorodhesha magongo. Hivyo ndivyo Mshauri alivyoviita vile vitu ambavyo mtu hujikinga navyo: mwenye miguu mizima akitembelea magongo, alisema, hatajua kamwe kwamba ana miguu. Sindano akataja pini. Akataja pazia na, kwa aibu, kile kitundu. Kupima kwa jicho hakukutaja, si kwa kuficha. Alidhani hicho ni kipaji.

Mshauri alikuwa na sheria moja nzuri: jaribio lolote atakalompa, atalifanya yeye kwanza. Kwa hiyo siku ya kwanza ya vitendo Sindano alisimama mlangoni kwa kinyozi na kumsikiliza mtu mwenye tai akiomba, kwa sauti iliyopanda mpaka ikapasuka, soli ya kiatu namba arobaini na mbili. Kinyozi alimwambia aketi, zamu yake bado.

Ikaja zamu ya Sindano. Alitakiwa aingie duka la vifaa vya ujenzi, bila pini, aulize mayai. Akaandika utabiri: atanifukuza, watu watacheka, nitazirai. Futi, mia na arobaini na sita. Akaingia. Palikuwa na wanaume watatu wanabishana juu ya bomba.

"Naomba kuuliza," akasema kwa sauti ambayo hata bomba halikuisikia. Akarudia. "Naomba kuuliza. Mna mayai?"

Mwenye duka akamtazama. Akawaza. "Ya kienyeji au ya kisasa?"

"Yoyote."

Mwenye duka akageukia stoo, akapaza sauti: "Eti, mayai tunayo?"

Na kutoka stoo, katikati ya mifuko ya saruji, sauti ya uchovu ikajibu: "Yaliisha."

Sindano alitoka akashikilia nguzo ya umeme kwa kicheko. Upande wa yaliyotokea akaandika: hawakunifukuza, yaliisha. Futi ikashuka mpaka sitini.

Tangu hapo ukorofi ulimwingia kama maji kwenye kiatu kibovu. Mshauri akimpa jaribio moja, anafanya matatu. Alimuuliza mwuza nyama kama ana msumeno wa kuazimisha, akapewa. Alimsimamisha mtu barabarani na kumuuliza njia ya kwenda barabara ile ile waliyosimama. Siku moja alivaa koti lake nje-ndani, mishono yote wazi, jambo ambalo kwa fundi ni sawa na kutembea na daftari la dhambi zako mgongoni, akapita sokoni kutoka mwanzo hadi mwisho. Alitabiri watu wote watamwambia. Aliambiwa na mmoja, mama wa nyanya, na wawili walimwuliza huo mshono wa kisasa unashonwa wapi.

Habari zilimfikia Shangazi, tena zikiwa na chumvi. Watu walimwambia mtoto wake anatafuta mayai kwa wajenzi na anavaa nguo kama mtu aliyekimbia moto. Wapo walionong'ona kwamba chanzo ni ile suruali. Shangazi akamweka kikao, akamuuliza kama anaumwa. Sindano akamjibu, bila pini, kwamba ndiyo, na kwamba anatibiwa. Shangazi alinyamaza kwa dakika nzima. Majirani bado wanaikumbuka dakika hiyo.

Jumatatu ya wiki ya mtihani, Shangazi na Sindano walibadilishana viti. Sasa Shangazi ndiye aliyekaa nyuma ya pazia, na kila aliposikia jambo asilolipenda alikohoa. Sindano alikuwa hajaipanga meza vizuri alipoingia Mkaguzi.

Huyu mama alikuwa amekagua shule kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu, na hakuna aliyemwambia kwamba ukaguzi umekwisha. Aliweka mezani kitambaa cha zambarau iliyoiva, kipande kimoja tu, alicholetewa na binti yake kutoka safari ya mbali. Alitaka koti na sketi. Jumamosi mjukuu wake anapokea shahada, wa kwanza katika ukoo wao. Akasimama wima katikati ya duka, mkoba umebanwa ubavuni, sweta zito mwilini, akamtazama Sindano kama mlango wa darasa lenye kelele.

Hapo futi ilitakiwa itoke shingoni. Sindano alipaswa kusema, mama, naomba uvue sweta, naomba uinue mikono. Badala yake akashika kalamu. Akajiambia hana haja, yeye jicho lake linatosha, miaka sita halijawahi kumwangusha. Ila nyuma ya kitundu alikuwa na muda wa kumtazama mtu hata robo saa. Hapa, ana kwa ana, aliweza kuvitazama viatu tu. Akakisia kutoka viatuni kwenda juu, akaandika namba.

Mkaguzi akaziona namba. "Umenipima saa ngapi?"

Sindano akasema, kwa sauti ndogo, kwamba ana jicho.

"Sawa, mwenye jicho. Basi niahidi kitu kimoja. Kukiwa na kosa, nisilione mwenyewe kwenye kioo, na nisilisikie kwa shangazi yako. Nilisikie kwako, kwa mdomo wako, kabla sijavaa."

"Naahidi," akasema Sindano. Nyuma ya pazia Shangazi alikohoa mara mbili.

Siku zilizofuata zilikwenda vizuri mpaka Binamu akaanza kununa. Sindano alipima watu kwa futi, aliwauliza urefu wanaoutaka, alimkatalia mtu mzima mmoja suruali iliyombana, na yule akaondoka anacheka. Lakini Alhamisi mchana, koti likiwa limeshonwa na bitana imeshatiwa, Mkaguzi alipita ng'ambo ya barabara bila sweta na bila mkoba, akielekea sokoni. Hakujua anatazamwa. Jicho la Sindano, lililokuwa limepofuka mbele yake, lilifunguka lote kwa mara moja. Sentimita sita. Kifuani na mabegani koti lilikuwa limepungua sita kamili. Na kitambaa kilikuwa kimekwisha. Hata cha kufunika vifungo hakikubaki.

Alikimbilia kwa Mshauri akitumaini kuambiwa kwamba huo nao ni utabiri wa mafuriko. Mshauri aliuliza maswali yake ya kawaida: una ushahidi gani? Sindano akamtajia namba. Mshauri akakuna kichwa, akakiri kwamba hilo si wazo baya, hilo ni koti dogo. Ndipo Sindano akamwambia juu ya jicho, na wote wawili wakatazama ile orodha ya magongo kwa muda mrefu. Mshauri akachukua kalamu, akaongeza la nne. Alitaka sana kusema neno la kumtia moyo, lakini la kweli hakuwa nalo, akamwongezea chai.

Ijumaa, Mkaguzi alikuja saa nne kujaribisha. Dukani palikuwa na mwanamume kwenye kiti cha kungojea, suruali mkononi, na mama wa nyanya aliyekuja na gauni la binti yake. Binamu naye alikuwepo, kwa bahati aliyoipanga, akipima ukuta wa rafu zake. Sindano akaomba dakika moja, akaingia nyuma ya pazia kuchukua koti.

Shangazi alishajua. Alikuwa amelala akilifikiria na kuamka na mpango. Akanong'ona kwamba vitambaa vya nje hurudi na kupungua vikipigwa pasi, kila mtu anajua. Mwambie kimerudi. Akikasirika, aikasirikie pasi. Ataongezewa kipande cha rangi nyingine ubavuni, ataambiwa ni mtindo, atakwenda zake, kesho ni Jumamosi, duka ni lako.

"Nilimwahidi, Shangazi."

"Hata mimi niliahidi. Mbele ya ndugu wote." Shangazi alizitoa funguo mfukoni, akaziweka juu ya cherehani. Macho yake yalikuwa yamelowa, na hilo lilimtisha Sindano kuliko Mkaguzi. "Ukipita hapo ukasema hayo, siwezi kukuokoa. Funika kombe mwanaharamu apite, mwanangu. Mara moja tu."

Sindano alizitazama funguo. Kwenye kimto cha pini, pini zilisimama zimejipanga. Akalichukua koti, akapita.

"Mama," akasema, na sauti ikatetemeka kama alivyotabiri, "usilivae. Halitakutosha. Limepungua sentimita sita. Sikukupima Jumatatu. Nilikuogopa, nikakukadiria kwa kutazama viatu."

Mwanamume wa suruali akapasuka kicheko, akajaribu kukigeuza kikohozi. Mama wa nyanya akaweka gauni chini asikose neno. Binamu akaacha kupima.

"Kwa kutazama viatu," Mkaguzi akarudia. Akaviinamia viatu vyake, kana kwamba kweli kiuno kimeandikwa pale. "Na kitambaa?"

"Kimekwisha, mama."

"Kwa hiyo kesho sina nguo."

"Huna. Kosa ni langu, si la kitambaa, si la pasi. Nikikesha naweza kuiondoa mikono, kitambaa chake nikiongeze ubavuni, liwe kizibao, na sketi ipo sawa. Lakini koti ulilolitaka halipo."

Kila kitu alichokiogopa kwa miaka sita kilikuwa kinatokea, kimoja baada ya kingine, kwa mpangilio. Walikuwa wanamtazama. Mmoja amecheka. Mikono yake ilitikisika mpaka koti likatikisika nayo. Na Mkaguzi alikuwa amekasirika kweli. Hasira yake haikuwa na kelele, ilikuwa imenyooka kama rula.

"Miaka thelathini," akasema, "nimeingia madarasani, na hakuna mwalimu aliyewahi kunionyesha kosa lake kabla sijaligundua. Hilo nitalikumbuka. Na koti langu nitalikumbuka pia. Leta koti na sketi, sitaki kizibao."

Akavikunja mwenyewe, zambarau juu ya zambarau, akavitia mkobani. Mlangoni hakugeuka. Mama wa nyanya alimpisha kwa heshima zote, kisha akatoka haraka, maana habari kama ile hailali.

Pazia likafunguka. Shangazi akatoka kwa magoti yake mabovu, polepole, akizishika funguo kama kitu cha moto. Hakumtazama Sindano. Binamu alikuwa ameshakinga kiganja. Funguo zikaanguka kwenye kiganja chake, zikalia, zikaingia mfukoni.

Lakini leo ilikuwa bado Ijumaa, na wiki alipewa mpaka Jumamosi. Sindano alijifuta macho kwa kiwiko, kwa kuwa viganja vilikuwa vimelowa. Mwanamume aliyecheka bado alikuwa ameketi, aibu imemjaa, hajui aondoke au abaki.

"Kaka," Sindano akamwambia, akimtazama usoni, "simama tafadhali. Unaitaka ifike wapi?"